Somo la Leo: Mwandishi ni Nani?

Ninyi mlioko Qurus, huko Karatu, natumaini mmekwisha kaa, na daftari ziko magotini. Wekeni kalamu karibu.

Neno letu la leo ni "mwandishi". Watu wengi wakilisikia humfikiria bwana mwenye miwani na vitabu dukani. Lakini litazameni neno lenyewe. Anayelima ni mkulima. Anayesoma ni msomaji. Anayeandika ni mwandishi. Lugha haikumwuliza kama ana kitabu.

Tuchukue jambo la nyumbani. Tuseme mama mmoja wa Qurus amevuna mahindi. Jirani yake anachukua magunia mawili, naye atalipa akiuza vitunguu vyake vya Mang'ola. Wanapatana kwa mdomo. Miezi mitatu inapita, na jirani anasema lilikuwa gunia moja na debe. Si lazima awe mwongo. Deni hupungua kichwani mwa anayedaiwa, na huongezeka kichwani mwa anayedai. Sasa ni kwa mwenyekiti wa kitongoji, na ujirani wa miaka mingi umeingia ufa.

Siku ile ulitosha mstari mmoja: tarehe, jina, kisha "amechukua magunia 2 ya mahindi, atalipa mwezi wa nane", na sahihi za wote wawili.

Angalieni vizuri neno "amechukua, atalipa". Kama mama angeandika "amepewa" tu, mtu angeweza kusema ilikuwa zawadi. Kuchagua neno ambalo msomaji hawezi kuligeuza, hiyo ndiyo kazi ya mwandishi, na mama huyu ameifanya juu ya gunia.

Barua nazo ni hivyo hivyo. Asiyejua kuandika humwendea mtu amwandikie, na siri ya nyumba hupita masikioni mwa mwingine. Ukimwandikia mwanao aliye Arusha kwa mkono wako, hata herufi zikipinda, hata ukiwa ujumbe wa simu, anakusikia wewe.

Shaaban Robert mnalijua jina lake. Alizaliwa mwaka 1909, akafariki 1962. Kwa miaka mingi alikuwa karani wa forodha. Barua alizomwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge, tangu 1931 hadi 1958, zilitolewa kuwa kitabu mwaka 2002. Zilikuwa barua za ndugu kwa ndugu.

Najua mmoja wenu anasema, "Nyumbani twasema Kiiraqw, Kiswahili changu hakijanyooka." Andika hivyo hivyo. Ukiandika "kunia" badala ya "gunia", msomaji ataelewa. Ukiandika 3 badala ya 2, hapo pana kesi. Basi anza kwa kuhakikisha hesabu. Herufi tutazinyoosha baadaye.

Sasa fungueni ukurasa mpya. Juu andikeni tarehe. Chini yake, kila mtu aandike jambo moja la nyumbani la wiki hii ambalo mwakani laweza kubishaniwa: deni, mbuzi aliyekopeshwa, mpaka wa shamba. Mwisho atie jina lake kamili.

Mwalimu asisahihishe kwanza. Mpe jirani yako asome kwa sauti, nawe ukae kimya, usimweleze neno. Akikwama, piga mstari mahali hapo. Mistari hiyo ndiyo tutakayoanza nayo somo lijalo. Kwaherini.