Watoto Wetu, Video za Mtandao na Bei ya Kujulikana

Mazungumzo yaliyotolewa katika mkutano wa ukoo, Wattaya, Muscat



Kamati ya matayarisho iliniomba nizungumze kwa dakika 15 juu ya "vijana na mitandao". Nimefanya kazi Serikalini miaka 31, na mtumishi wa Serikali akipewa mada pana hujua la kufanya nayo: huigusa yote asiseme kitu. Leo nimemwomba Mwenyekiti ruhusa ya kuipunguza. Nitasema jambo moja tu, nalo ni tofauti tunayoiweka baina ya mtoto wa kiume na mtoto wa kike wanapojulikana kwa video wanazozituma mtandaoni. Sababu ya kulichagua jambo hili imo ndani ya ukoo wetu, na mshitakiwa wake ni mimi ninayesimama mbele yenu. Nitaifikia.

Naomba nianze mbali kidogo, kwani wengi wetu tunadhani mambo haya yameletwa na simu.

Babu yangu alikuwa na santuri ya kutia ufunguo kwa mkono, na miongoni mwa sahani alizozihifadhi kwa kitambaa zilikuwamo za Siti binti Saad. Wazee mnaijua habari yake, lakini vijana waliozaliwa ughaibuni huenda hawaijui. Alizaliwa Fumba, Unguja, takriban mwaka 1880, katika nyumba ya watu masikini. Mama yake alikuwa mfinyanzi, na yeye mwenyewe alivichukua vyungu kichwani kwenda kuviuza mjini. Mwaka 1928 alisafiri na wenzake hadi Bombay kurikodiwa sauti na kampuni ya His Master's Voice, na sahani zake zikauzwa kwa maelfu katika mwambao wote. Marehemu Shaaban Robert aliuandika wasifu wake.

Sasa tazameni namna alivyopingwa. Waliomwonea choyo hawakusema kuwa hajui kuimba, kwa sababu wangelichekwa. Walitunga wimbo wa kuikejeli asili yake na nguo aliyojia nayo mjini, na wakamsema sura. Naye akawajibu kwa wimbo kwamba uzuri wa sura si hoja, hoja ni akili ya mtu. Ndugu zangu, sahani ya santuri haina sura! Mtu aliyekuwa Lamu au Pemba akiisikiliza alipata sauti tu na mkwaruzo wa sindano. Hata hivyo mjadala ukawa juu ya uso wa mwanamke ambaye wengi wao hawajapata kumwona. Katika taarabu ile ile walikuwamo mafundi wa kiume waliompigia ala na wengine waliomtungia maneno, na wao pia walikuwa maarufu. Sijapata kusikia mpaka leo kwamba kuna aliyetungiwa wimbo kwa ubaya wa pua yake.

Miaka 92 baada ya safari ile ya Bombay, yaani mwaka 2020, dunia ilipojifungia ndani kwa sababu ya korona, msichana wa Nairobi aitwaye Elsa Majimbo alikaa chumbani kwake na simu, miwani myeusi na pakiti ya krispi za viazi, akawa anatafuna na kusema maneno ya mzaha. Video zile zikafika hadi Marekani, na kampuni ya mwimbaji Rihanna, iitwayo Fenty, ikafanya kazi naye. Msichana huyo amesema hadharani kwamba katika nchi yake mwenyewe alitukanwa kwa weusi wa ngozi yake. Hamuoni kwamba ni wimbo ule ule, uliobadilishwa ala tu?

Sisemi kwamba wanaume ndio wenye wafuasi wengi kila mahali. Watu hulisema hilo kwa haraka. Katika mtandao wa TikTok, mtu wa kwanza duniani kufikisha wafuasi milioni 100 alikuwa msichana wa Kimarekani, Charli D'Amelio, mwezi wa Novemba 2020. Ilikuwa Juni 2022 alipopitwa na Khaby Lame, kijana aliyezaliwa Senegal na kukulia Italia, ambaye hasemi hata neno. Hufungua viganja vyake tu na kuwacheka watu wanaoyafanya magumu yaliyo mepesi. Kwa hiyo mwanamke anaweza kuwa mbele kwa idadi. Ninachokisema ni kwamba bei anayolipa haiko sawa na ya mwanamume.

Mfano wa karibu ni ndugu wawili wa Kimasai wa Tanzania, Kili Paul na dada yake Neema. Mwishoni mwa mwaka 2021 walianza kujulikana kwa kufuatisha nyimbo za sinema za Kihindi kwa midomo, wamevaa shuka zao, ng'ombe wako nyuma yao. Tarehe 27 Februari 2022 Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, aliwataja wote wawili katika mazungumzo yake ya redio. Lakini mwezi huo huo aliyealikwa na kupewa heshima katika Ubalozi wa India nchini Tanzania alikuwa kaka, na jina analolijua kila mtu ni la kaka. Waulizeni wajukuu wenu hapa: Kili watamtaja upesi. Dada watasema ni "yule dada yake". Simlaumu kijana wa watu, kwani ndiye mwenye kazi kubwa katika video nyingi. Nalitaja ili tuone jinsi macho yetu yalivyozoea kutazama.

Kuna atakayenijibu kwamba wakubwa wa sanaa huwaadhibu wote bila ya kubagua. Ni kweli. Desemba 2018 Baraza la Sanaa la Taifa la Tanzania liliwafungia Diamond Platnumz na Rayvanny kwa sababu ya wimbo, na Machi 2024 baraza la sanaa la Zanzibar lilimfungia Zuchu, binti wa Khadija Kopa, miezi 6 kwa onyesho lake la Kendwa. Mimi nilikuwa mtu wa kanuni na siwezi kulalamikia kanuni inayowapata wote. Ila sikilizeni mazungumzo ya barazani baadaye. Kwa wanaume wale watu walijadili wimbo, serikali na biashara. Kwa binti huyu walimtaja mama yake.

Na marehemu Bi Kidude je? Alivuta sigara jukwaani, akapiga ngoma, akasema alivyotaka, na mwaka 2005 akapewa tuzo ya kimataifa ya WOMEX. Alipofariki tarehe 17 Aprili 2013 tulimlilia sote, na video zake tunatumiana hadi leo kwa fahari. Fikra yangu ni kwamba tulimpenda hivyo kwa sababu sisi wengi tulimjua akiwa amekwisha kuwa kizee. Mwanamke akishafika umri ambao hakuna atakayemposa, ndipo tunapompa ruhusa ya kusema.

Sasa nirudi nyumbani, mitaa miwili tu kutoka ukumbi huu.

Mimi nilihamia Oman mwaka 1985, nikiwa kijana wa miaka 22, na baadaye mama yangu akanifuata. Wengi wenu mmekula mikononi mwake. Alimlea binti wa marehemu dada yangu katika nyumba hiyo hiyo ambayo mwanangu wa kiume amekulia. Watoto hawa wawili walianza kutengeneza video mwaka mmoja. Mwanangu huigiza: husimama karibu na maduka ya magari ya hapa Wattaya akajifanya mzee wa Kizanzibari anayepatana bei ya gari jipya kama anayenunua samaki Darajani. Mpwa wangu alipika pamoja na bibi yake. Uso wake haukuonekana hata mara moja. Ilionekana mikono, sufuria, na ikasikika sauti ya bibi akieleza: mchele uroweshwe usiku kucha, usagwe na tui, hamira na hiliki, na ukishaumuka usiukoroge tena, moto uwe wa chini na wa juu. Mkate wa kumimina, visheti, mchuzi wa pweza. Video 61 kwa jumla.

Watu waliomwandikia mwanangu walimwita mcheshi, wakamwombea dua, na mmoja akampelekea fulana. Waliomwandikia mpwa wangu wengi walishukuru, wakaomba vipimo. Lakini wakawamo waliouliza: huyu ni binti wa nani? Hana wazee? Mmoja alizisema bangili zake. Kisha jamaa yetu mmoja, simtaji na hayupo leo, akaniletea video mojawapo kwa simu na swali fupi: "Hili unalijua?"

Nikafanya kama nilivyofanya kazini. Sikumwita mtoto, wala sikumuuliza mama yangu, ambaye sauti yake ndiyo iliyokuwa ikisikika. Niliandika katika kundi la ukoo la WhatsApp waraka wa aya nne, wenye "kwa heshima ya jina la ukoo" na "ndani ya saa 24". Mlio wengi mliusoma. Wachache mlinitumia alama ya kidole gumba. Mpwa wangu alijibu maneno mawili: "Sawa, mjomba." Usiku ule ule akazifuta zote, mtandaoni na katika simu yake, kwa sababu ndivyo waraka ulivyosema. Kwa mwanangu sikuandika chochote, wala haikunipitikia kwamba kulikuwa na la kuandika.

Naomba nisieleweke vibaya. Hofu ya wazee haitoki hewani. Picha za mabinti huibwa, na siku hizi kwa programu za akili mnemba mtu huweza kuuchukua uso wa mtoto wako akaubandika pahala pa aibu. Binti yule alilijua hilo kabla yangu, ndiyo maana akaonyesha mikono tu. Hadhari alikuwa ameshaichukua yeye. Mimi niliongeza adhabu, na adhabu niliyoitoa haikumpata mwizi wala mwenye kutukana.

Miezi saba baadaye mama yangu alifariki. Siku ya tatu ya matanga, dada zangu walioketi ndani waliomba wasikie sauti yake, wakijua kwamba ilirikodiwa. Nilimtuma mtu kwa mpwa wangu. Akarudi akasema hakuna kitu.

Kilichobakia cha mama yangu katika mtandao ni video moja ya mwanangu, dakika moja na nusu, anaigiza mwendo wa bibi yake akienda na mkongojo kumfungulia mlango muuza samaki, huku akimgombeza njia nzima. Bibi mwenyewe aliicheka mpaka akatokwa na machozi. Imetazamwa na watu wengi kuliko video zote za mpwa wangu zikijumlishwa. Ni nzuri, na kila nikiitazama namwona yeye hasa. Lakini sauti iliyomo ni ya mwanangu.

Nilimwambia mwanangu haya jioni moja, tukirudi kutoka makaburini. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Baba, mimi miaka yote hii hakuna aliyewahi kuniuliza ni mtoto wa nani."

Mheshimiwa Mwenyekiti, nimekwenda kwa mpwa wangu, nikamtaka radhi nyumbani kwake. Leo namtaka radhi hapa, kwa sababu waraka wangu ulisomwa na ukoo mzima, na haiwi haki kosa litangazwe, na maungamo yafanywe chumbani. Yeye yuko nasi, amekaa upande wa kina mama, na amenikataza kumtaja kwa jina.

Ninayo maombi mawili. La kwanza, wale ambao mlizihifadhi video zake katika simu zenu, hata moja, hata kipande, mpelekeeni. Shangazi yetu wa Mombasa amekwisha kupata moja, ya visheti, na sauti imo. La pili, amekubali kuanza tena, na safari hii kuwarikodi wazee wa ukoo wetu, wake kwa waume, wakieleza mapishi, nasaba, na jinsi kila mmoja alivyofika pale alipo. Baada ya chakula cha mchana atakuwa katika chumba cha pembeni. Mwenye kutaka kuonyesha uso ataonyesha, na mwenye kutaka mikono tu, iwe mikono.

Ametoa sharti moja: mtu yeyote mwenye neno juu ya kazi yake alipeleke kwake kwanza, si kwa mjomba wake. Nimelikubali kwa maandishi, aya moja tu, na nakala ipo kwa Katibu.