Motokaa Iliyokufa na Kadi Iliyopotea

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Nimeombwa niseme nanyi juu ya jambo ambalo kwa sura yake ni dogo, walakini limewasumbua watu wengi wa kazi yetu. Mtu ana motokaa iliyokufa, yu tayari kuiuza kwa chuma chakavu, na kadi yake ya usajili haionekani. Afanyeje? Wengi hujibu, "Mwite mnunuzi, apime uzito, alipe, aende zake nayo. Kadi ya nini tena kwa kitu kilichokufa?" Jibu hilo ndilo nililosimama kulipinga.

Sisi makarani twajua ya kuwa kitu kilichoandikwa daftarini hakiondoki kwa sababu kimeondoka machoni. Motokaa hufa mara mbili. Kifo cha kwanza ni cha mwili: injini imekwisha, kutu imekula sakafu, kuku wanataga juu ya kiti. Kifo cha pili ni cha jina, nacho hutokea siku namba yake inapofutwa katika daftari la Mamlaka ya Mapato Tanzania. Baina ya vifo hivyo viwili jina huendelea kuishi, na limefungamana na jina la mwenye motokaa.

Mnakumbuka mambo yalivyokuwa kabla ya Julai 2017. Kila motokaa iliyosajiliwa ilidaiwa ada ya leseni ya kila mwaka kwa kadiri ya ukubwa wa injini yake. Daftari halikuuliza kama inatembea au imelala chini ya mwembe. Watu walikuta deni la miaka mingi juu ya mzoga. Bajeti ya 2017 iliifuta ada hiyo ya mwaka, ikaamuru ilipwe mara moja tu motokaa inaposajiliwa, na ushuru wa mafuta ukaongezwa shilingi 40 kwa lita. Basi mzigo huo umeondoka. Lakini msidhani kwamba hatari yote imeondoka nao.

Hatari iliyobaki ni vibao vya namba. Faini za barabarani huandikwa kwa namba ya motokaa. Ikiwa mzoga umeuzwa pamoja na vibao vyake, mtu asiye mwaminifu aweza kuvifunga juu ya motokaa nyingine, labda ya wizi, akaenda nayo apendako. Siku ya maswali polisi watafungua daftari, na humo hawatamkuta mwizi wala mnunuzi wa chuma. Watakuta jina la karani mpole ambaye motokaa yake ilikatwa vipande zamani, naye hana hata karatasi moja ya kuthibitisha neno lake.

Sasa tuje kwa kadi. Yafaa tufahamu kwamba kadi si usajili wenyewe. Kadi ni shahidi wa yaliyoandikwa daftarini, na shahidi akipotea, daftari lingalipo. Tena motokaa yenyewe huchukua ushahidi wake mwilini, yaani namba ya chesisi iliyogongwa katika chuma. Motokaa za nchi nyingi zina namba yenye tarakimu na herufi 17, na ndani yake herufi I, O na Q hazitumiwi kamwe, ili zisichanganywe na 1 na 0. Nyingi za kwetu zilitengenezwa kwa kuuzwa ndani ya Japani, na hizo zina namba fupi zaidi: kwanza alama ya aina ya motokaa, kisha kistari, kisha tarakimu. Inakilini namba hiyo kwa macho yenu kabla chuma hakijakatwa, na mwenye kamera apige picha. Msitegemee namba ya injini peke yake, maana injini hubadilishwa.

Taratibu iliyo salama ni hii. Kwanza, mwenye motokaa aende polisi akatoe habari ya kupotelewa na kadi, apewe hati. Pili, aipeleke hati hiyo kwa Mamlaka ya Mapato, aombe kadi nyingine badala ya ile iliyopotea. Tatu, akiisha kuipata, aombe usajili ufutwe, na kurudisha kadi pamoja na vibao vya namba. Nne, ndipo amwite mnunuzi wa chuma, tena mwenye kibali, kwa kuwa betri ina risasi na tindikali, na mafuta machafu yakimwagwa ardhini huharibu maji ya visima. Mauzo hayo yaandikwe: jina la mnunuzi, tarehe, namba ya chesisi, na bei. Kwa kifupi, kwanza daftari, kisha mzani.

Yako mambo mawili yanayofanya njia hii iwe ndefu. La kwanza ni motokaa iliyonunuliwa mkono kwa mkono bila kubadilisha jina. Hapo daftari halimjui mnunuzi, lamjua muuzaji tu, naye hana budi kutafutwa aje atie sahihi. Kila mwaka unaopita, mtu huyo huhama, au husahau, au hufa. La pili ni motokaa ya marehemu. Mjane hawezi kuifuta kwa kuwa tu aliishi na mumewe miaka 30. Yapasa kwanza mahakama imthibitishe msimamizi wa mirathi, na huyo ndiye atakayesema kwa niaba ya marehemu. Enyi ndugu, wapunguzieni wake zenu taabu hiyo. Wekeni kadi mahali panapojulikana na watu wawili.

Huenda mtu akauliza, "Nchi nyingine hufanyaje?" Daftari la motokaa la namna yetu lilianza Uingereza tarehe 1 Januari 1904, kwa sheria ya 1903. Huko leo mtu asiye na kitabu cha usajili aweza kuipeleka motokaa yake kuvunjwa, lakini haipeleki popote apendapo. Yapasa iende kwenye kiwanja chenye idhini, na motokaa ikiisha kuangamizwa hutolewa hati ya kuangamizwa kwake. Asiyeiarifu idara ya usajili aweza kutozwa hadi pauni 1,000. Tena kwa sheria ya 2013, katika England na Wales ni marufuku kununua chuma chakavu kwa fedha taslimu, na mnunuzi lazima ahakikishe jina na anwani ya muuzaji. Maana yake ni wazi: karatasi yaweza kukosekana, lakini habari haiwezi kukosekana.

Na Japani, zinakotoka nyingi za motokaa zetu, tangu Januari 2005 mwenye motokaa hulipa mapema gharama ya kuivunja siku itakapokufa. Lakini ikiuzwa nje ya nchi, fedha hizo zaweza kudaiwa zirudishwe. Basi motokaa hutufikia Dar es Salaam ikiwa imefutwa katika daftari la kwao, na sanda yake imebaki kule. Gharama na kazi ya kuizika hutuangukia sisi.

Neno langu la mwisho ni kwetu tuliokaa nyuma ya meza. Mtu ajapo bila kadi, tusimwambie, "Rudi ukaitafute," tukafunga dirisha. Aliyefukuzwa mara tatu hatarudi mara ya nne. Atamwita mwenye mzani usiku, na daftari letu litabaki limejaa majina ya vitu visivyokuwako. Daftari la namna hiyo haliwezi kumshika mwizi wala kumlinda mwaminifu. Tumwonyeshe njia, tumwandikie katika kipande cha karatasi mahali pa kwenda kwanza na pa kwenda pili. Hiyo ndiyo kazi tuliyoajiriwa kuifanya, wala haitugharimu ila dakika chache na wino kidogo.