Kijiti cha Mkojo Kliniki
Msikilizaji, leo tutazame kipimo kimoja cha kliniki ya wajawazito. Kijiti huchovywa kwenye mkojo. Kipande chake cha njano kikigeuka kijani, kuna protini. Kwa nini tujali? Protini hiyo, ikiambatana na presha ya kupanda baada ya wiki 20, ni ishara ya hatari ya kifafa cha mimba, ugonjwa unaoua mama na mtoto.

Kwa upande mmoja, kipimo ni rahisi na jibu halichelewi. Kwa upande wa pili, mkojo uliozimuliwa na maji mengi huficha protini, na hatari yaweza kuwapo hata rangi isipobadilika. Kijiti pekee hakitoshi. Presha nayo ipimwe. Je, kliniki ya mtaani kwako hupima vyote viwili kila hudhurio?