Nani Alipie Barabara ya Mjini?

Ndugu wajumbe wa kamati za sharika na wafadhili wetu,

Mwaka 2017 Serikali ilifuta ada ya mwaka ya magari, ikaongeza ushuru wa shilingi 40 kwa kila lita ya petroli, dizeli na mafuta ya taa. Basi mama wa Mbagala mwenye koroboi, asiye na hata baiskeli, naye akachangia.

London hutoza magari yanayoingia katikati ya mji tangu 2003, na mapato hayo kisheria huenda kwenye usafiri. Siku ya kwanza tu waliongeza takriban mabasi 300.

Sisi Mwendokasi tulianza nayo 2016, na msongamano wa vituoni mnaujua. Anayekwenda Posta peke yake ndani ya gari alipie nafasi anayochukua, lakini mabasi yatangulie. Nami ninalo gari, kamati ziniulize.