Keti na Mtoto Mmoja: Dakika 20 za Kumfundisha Kusoma
(Hotuba ya afisa wa elimu ya chekechea kwa wazazi, Kangeta, Igembe ya Kati)

 

Nilipokuwa mwalimu wa shule ya msingi, nilikuwa na mvulana wa darasa la nne asiyejua kusoma. Nikimwita asome, anainamisha kichwa. Darasa lilikuwa na watoto zaidi ya hamsini, nami nikaamini kwamba ni mvivu. Siku moja niliketi naye peke yake. Dakika tano zilitosha kunionyesha kuwa herufi zote alizijua, ila hakujua kuziunganisha. Akiona "kuku" anasoma "kaka", kwa kuwa alitazama herufi ya kwanza tu kisha akakisia. Miaka yote hiyo hakuna aliyegundua, nikiwemo mimi. Tulianza na silabi, na muhula ulipoisha alisoma hadithi fupi mwenyewe.

Wapo wengine ambao sikuketi nao. Baadhi yao waliacha shule wakaenda kuchuma miraa. Mtoto asiyeelewa kinachosomwa huchoka kuketi darasani, na shilingi za shambani humvuta haraka.

Tatizo hili si la Kangeta pekee. Mpango wa Uwezo, uliowapima watoto nyumbani kwao, uliripoti katika miaka yake ya mwanzo kwamba ni watoto 3 hivi kati ya 10 wa darasa la tatu nchini Kenya walioweza kazi ya darasa la pili. Mwalimu hufundisha somo la gredi nzima. Aliyeachwa nyuma anahitaji mtu wa kuketi naye, kwa utaratibu huu:

Kwanza, mpime. Mwonyeshe herufi, kisha silabi, maneno, aya fupi, na mwisho hadithi. Anapokwama ndipo mtakapoanzia, hata kama yuko gredi ya tano.

Pili, chagua jambo moja tu kwa siku. Leo ni ka, ke, ki, ko, ku. Mengine yangoje kesho.

Tatu, fuata hatua tatu. Soma wewe akisikiliza. Someni pamoja. Kisha asome peke yake.

Nne, akikosea msahihishe papo hapo bila kumkemea wala kumcheka. Mwambie sauti iliyo sahihi, airudie, muendelee.

Tano, andika kwenye daftari alichoweza na kilichomshinda. Kesho anzeni na kilichomshinda, na daftari hilo mwonyeshe mwalimu wake.

Dakika 15 hadi 20 kila siku zinatosha. Ketini sebuleni au uani, mahali ambapo watu wa nyumbani wanawaona. Hilo ni muhimu zaidi ikiwa anayefundisha ni mtu wa nje.

Najua kuna mzazi anayesema, "Mimi sikusoma, nitamfundishaje?" Mwombe dada au kaka yake mkubwa afuate hatua hizo, nawe uketi hapo. Akimaliza, mtoto akusimulie kwa Kimeru alichosoma. Akishindwa kusimulia, hakuelewa, na wewe umeshampima bila kujua kusoma.

Ukiona mtoto anasogeza kitabu karibu sana na macho, haitiki akiitwa, au hasongi mbele baada ya wiki nyingi, usimwite mjinga. Zungumza na mwalimu ili apelekwe kwenye kituo cha tathmini ya watoto wenye mahitaji maalumu. Vituo hivi vilianza nchini mwaka 1984. Huko hupimwa, na shule ikaandaliwa mpango wa kumfundisha yeye binafsi.

Katiba ya 2010 iliipa kaunti elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Shule za msingi ziko chini ya Serikali ya Kitaifa. Lakini mtoto ni yule yule. Anayetoka chekechea akizijua sauti za herufi hupata wepesi katika gredi ya kwanza. Kwa hiyo walimu wa chekechea, msingojee. Watoto wakicheza, mwite mmoja na umsikilize.

Wazazi, haba na haba hujaza kibaba. Jioni ya leo, baada ya chakula, chukueni kitabu kimoja, mfungue ukurasa mmoja, na mumsikilize mtoto mmoja.