Ufukwe wa Kendwa na afya zetu

Kila Januari 1 Wazanzibari huingia barabarani kwa Siku ya Mazoezi. Ni jambo jema, ila moyo hautoshwi na siku moja. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Kutembea kwa haraka nusu saa, siku tano, kunatosha.

Tazama Kendwa, Kaskazini A. Maji yakipwa hayaendi mbali kama Paje au Jambiani, na mchanga wake ni laini. Watu wanavuka bahari kuja kutembea pwani hii. Jioni vijana wetu wanacheza mpira. Mama zao je, na baba zao walioambiwa wana presha? Hao ndio wanaouhitaji zaidi ufukwe huu, na haulipiwi.

Kwenye chakula, samaki na muhogo tumejaaliwa. Tatizo ni chumvi: isifike gramu 5 kwa siku, yaani pungufu ya kijiko cha chai, ukijumlisha mchuzi, mkate na kachori. Anayepika leo apunguze kidogo kidogo. Ulimi huzoea baada ya wiki chache.