Mkono Usio na Haraka

Sikieni, watu wa vijiji. Usiku nguruwe wa pori wanaingia katika mihogo, na vijana wengi wako kazini mgodini. Mzee anayebaki na bunduki anafyatua mbio mbio. Nguruwe anakimbia, risasi inapotea. Inapotea wapi? Risasi ya bunduki ya vita inaweza kupita kilometa 2 na zaidi. Nyuma ya nguruwe iko njia ya mtoni, na njiani wako mama na watoto.

Basi mjifunze hivi. Kwanza toa risasi zote. Tazama mara mbili, ingiza na kidole. Kaza kitako begani. Alama ya mbele ikae katikati ya mwanya wa nyuma. Hiyo ndiyo jicho lione wazi. Vuta pumzi, toa nusu, zuia. Kidole kikaze pole pole, kama kukamua chungwa. Ukivuta kwa ghafula, mdomo wa bunduki unageuka.

Sasa jaribu. Mwenzako aweke sarafu juu ya mtutu, karibu na mdomo, naye asimame nyuma yako. Fyatua bila risasi. Sarafu ikianguka, mkono wako una haraka. Rudia mara 10 kila jioni, hata isianguke.

Mwisho: usipige sauti ya majani, piga nyama unayoiona. Ungojee mpaka kichuguu kikubwa kiwe nyuma yake. Kichuguu kinameza risasi, mtoto hawezi. Nguruwe akiponyoka leo, kesho atarudi.